Uhandisi wa viwanda: ni uhandisi kweli, au ni umeneja uliovishwa kofia ngumu?

SWALI: Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi mbili za shahada ya kwanza, moja ya uhandisi wa mitambo na nyingine ya uhandisi wa viwanda. Hisabati naiweza vizuri, fizikia naiweza kiasi. Mjomba wangu ni fundi mitambo wa miaka mingi. Ananiambia uhandisi wa viwanda ni "uhandisi wa makaratasi", na kwamba nitaishia kushika kalamu na kusimamia watu wanaoijua kazi kuliko mimi. Je, ni kweli? Wanasoma nini hasa? Hisabati yake ni ngumu kiasi gani? Na nikishaingia nikaona sipo, naweza kuhama?

JIBU: Mjomba wako si wa kupuuzwa, na nitairudia hoja yake maana nusu yake ni kweli. Lakini jibu la swali la kwanza ni fupi: ndiyo, huu ni uhandisi. Kinachotofautiana ni kitu kinachosanifiwa. Mhandisi wa mitambo anasanifu pampu. Mhandisi wa viwanda anasanifu utaratibu ambao pampu hamsini, mafundi kumi na wawili, stoo moja ya vipuri na ratiba ya matengenezo vitafanya kazi pamoja bila kusubiriana. Utaratibu huo haushikiki mkononi, ndiyo maana wengi hudhani hakuna kilichosanifiwa.

Bila namba maneno haya yanaelea, kwa hiyo tuchukue mfano. Daktari mmoja anaona wagonjwa wa nje. Kwa wastani mgonjwa mmoja humchukua dakika 10, yaani anaweza kuona wagonjwa 6 kwa saa. Wagonjwa wanakuja bila miadi, wastani wao ni 4.8 kwa saa. Mtu wa hesabu za haraka atauliza: uwezo ni 6, wanaokuja hawatimii 5, foleni itoke wapi? Foleni ipo, tena ya kuchosha. Ikiwa wagonjwa wanafika kila mmoja kwa wakati wake, na muda wa kuwahudumia unatofautiana sana, kanuni ya msingi kabisa ya foleni inasema kila mmoja atasubiri kwa wastani dakika 40 kabla ya kuingia. Wakiwa 5.4 kwa saa, watasubiri dakika 90. Wakifika 5.7, watasubiri dakika 190, zaidi ya saa tatu. Kutoka 5.4 hadi 5.7 kumeongezeka mgonjwa mmoja tu kila baada ya saa tatu na dakika ishirini, lakini muda wa kusubiri umezidi maradufu.

Kanuni yenyewe unaweza kuifanya kichwani. Daktari akiwa na mgonjwa asilimia 80 ya muda wake, gawanya 80 kwa 20 iliyobaki, unapata 4, kisha zidisha kwa dakika 10. Ikiwa ni asilimia 90, unagawanya 90 kwa 10, unapata 9. Asilimia 95 ukigawanya kwa 5 unapata 19. Kadiri unavyoisogelea asilimia 100 ndivyo kigawanyo kinavyokaribia sifuri, na foleni inakua bila kikomo. Meneja asiyelijua hili akimkuta daktari amekaa bila mgonjwa robo saa, atasema hapa kuna mtumishi wa ziada. Atapunguza watumishi, kisha ashangae kwa nini watu wamejaa kwenye ngazi.

Hapo ndipo ulipo moyo wa fani hii, na ukikumbuka jambo moja tu katika jibu hili, liwe hili: uhandisi wa viwanda ni elimu ya mtawanyiko, yaani namna mambo yanavyopishana na wastani wake, na hasara inayotokana na kupishana huko. Mashine huharibika siku isiyopangwa, malighafi huchelewa, mteja mmoja anaagiza kumi na mwingine elfu. Wastani ni namba ambayo karibu haitokei. Kila somo utakalolisoma kwa miaka minne au mitano ni njia mojawapo ya kupima mtawanyiko, kuupunguza, au kujipanga kuishi nao.

Kwa yule daktari, kwa mfano, kuajiri mwingine ni suluhisho la mwisho. Kabla yake kuna miadi, ili wagonjwa wasije kwa mkupuo. Kuna kutenganisha wanaokuja kuchukua majibu na wanaohitaji kupimwa kwa kina, ili dakika za huduma zisitofautiane mno. Na wakiwa madaktari wawili, kuna kuweka foleni moja inayowalisha wote badala ya foleni mbele ya kila mlango. Hakuna aliyefanya kazi kwa kasi zaidi, na muda wa kusubiri umeshuka.

Hisabati hii ina historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu jinsi simu zinavyoingia kwa nasibu. Kutokana na kazi yake wahandisi waliweza kukokotoa laini ngapi zinahitajika ili wapigaji wasikwame. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ambayo leo inabeba jina lake: idadi ya waliomo katika mfumo ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda wanaokaa humo. Wagonjwa 5.4 kwa saa, kila mmoja akisubiri saa moja na nusu, maana yake wastani wa watu 8 wamekaa kwenye benchi muda wote. Kwa hiyo ukihesabu benchi na ukajua kasi ya kuingia, umejua muda wa kusubiri bila kumuuliza mtu. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa makasha bandarini, kwa mikopo inayosubiri kuidhinishwa na kwa magari gereji.

Sasa turudi kwa mjomba. Anaposema utasimamia watu wanaoijua kazi kuliko wewe, anagusa kidonda cha zamani. Frederick Winslow Taylor, ambaye wengi humtaja kama baba wa fani hii, alichapisha mwaka 1911 kitabu chake kuhusu usimamizi wa kisayansi. Njia yake ilikuwa kuivunja kazi vipande vidogo, kupima kila kipande kwa saa ya kupimia muda, kutafuta namna moja iliyo bora, kisha kumwamuru mfanyakazi aifuate. Mwaka huohuo wafanyakazi wa karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma walipoona wanapimwa kwa saa. Taylor aliamini kufikiri ni kazi ya ofisi ya mipango, na mfanyakazi atekeleze. Fundi wa miaka mingi akisikia hivyo ana haki ya kukasirika.

Lakini hiyo siyo historia yote. Frank Gilbreth alianza kama mwashi. Alipoichunguza kazi ya kupanga matofali aliona fundi anainama hadi chini kuokota kila tofali, akiunyanyua mwili wake mzima kwa ajili ya tofali moja. Akabuni jukwaa linalopanda pamoja na ukuta ili tofali na udongo vikae usawa wa kiuno. Miendo 18 kwa tofali moja ikabaki 5, na katika kazi aliyoieleza Taylor, matofali 120 kwa saa kwa kila fundi yakawa 350. Mke wake, Lillian, alikuwa na shahada ya uzamivu ya saikolojia. Frank alipofariki mwaka 1924, Lillian aliiendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa, akisisitiza kwamba uchovu wa mfanyakazi ni jambo la kupimwa na kuondolewa kama kasoro nyingine yoyote. Mimi binafsi naona fani hii inamdai Lillian Gilbreth heshima kubwa kuliko inayompa Taylor.

Baadaye Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alikwenda mbali zaidi. Katika mfumo aliousimamia, mfanyakazi akiona kasoro anaruhusiwa kuusimamisha mstari mzima wa uzalishaji. Aliye karibu na kazi ndiye anayeiona kasoro kwanza, kwa hiyo mfumo umpe nguvu ya kusema. Mhandisi wa viwanda anayefaa leo huanza kwa kumuuliza mtu kama mjomba wako: nini kinakukwamisha hapa? Kisha hunyamaza asikilize. Wasioweza kufanya hivyo huishia kuchora chati zinazobandikwa ukutani na kusahauliwa, na hao ndio waliompa mjomba hilo jina la makaratasi.

Tuje kwenye masomo yenyewe. Mitaala hutofautiana, lakini mifupa yake inafanana. Mwaka wa kwanza hautaona tofauti kubwa na wenzako wa mitambo: kalkulasi, fizikia, kemia, michoro ya kihandisi, na utangulizi wa kuandika programu za kompyuta. Mwaka wa pili utakutana na matrisi, takwimu na nadharia ya uwezekano, sayansi ya vifaa, na michakato ya utengenezaji, yaani kukereza, kuchomelea, kumimina chuma kwenye kalibu, na karakana zake. Usiidharau karakana hata kama mikono yako si ya ufundi. Huwezi kupanga ratiba ya mashine usiyojua inachukua muda gani kubadilishwa kalibu. Utasoma pia uchumi wa kihandisi, ambao ni somo jepesi lenye faida ya maisha yote: kulinganisha fedha ya leo na fedha ya miaka kumi ijayo.

Somo la uwezekano ndilo lango. Nimewaona wanafunzi wenye alama nzuri za kalkulasi wakiteleza hapa, kwa sababu kalkulasi huwaachia kufuata hatua, ilhali uwezekano unadai ufikiri kabla ya kuandika chochote. Ukilipita kwa kukariri, utateseka mwaka mzima wa tatu: foleni, udhibiti wa ubora, uigaji (kuuiga mfumo kwenye kompyuta ili kuona utakavyokwenda), upangaji wa akiba, vyote vimesimama juu yake. Uliuliza ugumu wa hisabati. Si ndefu kama ya wenzako wa umeme, ambao huogelea katika milinganyo ya mawimbi. Lakini inakudai jambo ambalo sekondari haikukufundisha, nalo ni kuligeuza tatizo lililoelezwa kwa maneno, lenye utata na lisilo na data kamili, liwe mlinganyo. Kutatua mlinganyo kompyuta itakusaidia. Kuuandika ni kazi yako.

Mwaka wa tatu ndio mtamu. Kuna hisabati ya uamuzi bora, ambayo mtaala wako unaweza kuiita utafiti wa uendeshaji. Ilikua wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1947 George Dantzig alibuni njia ya simpleksi ya kutafuta mpango bora pale ambapo lengo na vikwazo vyote vinaandikika kwa milinganyo ya mstari mnyoofu. Viwanda vya mafuta, mashirika ya ndege na wasambazaji bado wanaitumia. Utajifunza pia kwa nini baadhi ya matatizo yanaikataa nguvu ya kompyuta. Dereva anayepaswa kupita vituo 10 na kurudi alikoanza ana njia 181,440 tofauti za kuzunguka. Vikiwa 20, njia zinazidi milioni bilioni 60. Kujaribu zote hakuwezekani, kwa hiyo utafundishwa mbinu za kufikia jibu zuri la kutosha kwa muda unaokubalika. Sijui somo jingine la shahada ya kwanza linaloeleza vizuri hivyo tofauti ya jibu kamilifu na jibu linalotumika.

Kuna upangaji wa akiba. Ford Whitman Harris alichapisha mwaka 1913 kanuni ya kiasi cha kuagiza kwa wakati mmoja: zidisha mahitaji ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha kwa 2, gawanya kwa gharama ya kuhifadhi kipande kimoja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mahitaji yakiwa vipande 1,200, kila agizo likigharimu 50 na kuhifadhi kipande kukigharimu 3 kwa mwaka, jibu ni vipande 200 kwa agizo, na gharama ya mwaka ni 600. Wengi huikariri kanuni wakaishia hapo. Lakini jaribu kuagiza 300 badala ya 200: gharama inakuwa 650, nyongeza ya asilimia 8 tu ingawa umekosea kiasi kwa nusu nzima. Kwa maneno mengine, pale karibu na jibu bora kuna uwanda. Mhandisi anayelifahamu hilo hatumii wiki mbili kutafuta gharama ya kuhifadhi kwa usahihi wa senti; anatumia muda huo kushughulikia msambazaji anayechelewesha mzigo.

Na kuna udhibiti wa ubora, somo ambalo ningetaka kila mwenye madaraka alisome. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika Western Electric, aliandika waraka mfupi wenye mchoro ambao leo tunauita chati ya udhibiti. Unachora wastani wa kipimo chako, unaweka mipaka miwili umbali wa sigma tatu juu na chini (sigma ni kipimo cha mtawanyiko), halafu unaweka alama za kila siku. Mchakato ukiwa umetulia, na vipimo vikifuata mkunjo wa kawaida wa kengele, alama 27 tu kati ya 10,000 zitatoka nje ya mipaka kwa bahati. Ikitoka moja, yaelekea kuna sababu maalumu, itafute. Zikiwa ndani, kupanda na kushuka ni tabia ya mfumo wenyewe. Fikiria sasa msimamizi anayewafokea watu mwezi kasoro zilipopanda kutoka 14 hadi 19, na kuwapongeza mwezi ziliposhuka hadi 12, ilhali zote zimo ndani ya mipaka. Anaamini kufoka kumesaidia. W. Edwards Deming, aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwaeleza wakubwa kwamba kurekebisha mambo kila yanapotikisika huongeza mtikisiko. Wengi hawakutaka kumsikia, na wengi bado hawataki.

Ergonomia (kuifanya kazi ilingane na mwili wa mtu), usalama kazini, mpangilio wa kiwanda na mnyororo wa ugavi nitavipita haraka. Vina manufaa, na utaona mambo ya kushangaza (fomula inayotumika sana ya kunyanyua mizigo, ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, inaanza na kilo 23 pale hali zote zikiwa bora kabisa, kisha inapunguza kila mtu anapoinama, kujipinda au kurudia), lakini ni masomo ambayo ukisoma vizuri utayaelewa bila mwalimu. Mwaka wa mwisho utafanya mradi. Ufanyie mahali palipo na watu halisi na data chafu. Mradi wa data zilizotungwa unapata alama nzuri na haukufundishi kitu.

Niseme sasa nusu ile ya hoja ya mjomba iliyo kweli. Hatari kubwa ya shahada hii ni upana. Unasoma kidogo cha mashine, kidogo cha uhasibu, kidogo cha saikolojia, kidogo cha kompyuta, na usipojihadhari unahitimu ukiwa umepita kila chumba bila kukaa hata kimoja. Ukienda kwenye usaili, mtu wa takwimu anakushinda takwimu, mtu wa kompyuta anakushinda programu, na mtu wa biashara anakushinda kuongea. Zipo idara zinazolikuza tatizo hili kwa kujaza mtaala masomo ya usimamizi ya kusoma na kusahau, huku takwimu ikipewa muhula mmoja tu. Shahada ya namna hiyo ni makaratasi kweli, sitamficha mjomba.

Dawa ni kuchimba mahali pawili. Pa kwanza ni takwimu na uigaji. Jifunze lugha moja ya programu hadi uwe huru nayo. Python inatosha, pamoja na SQL ya kuchota data na lahajedwali ambalo kila ofisi inalo. Ukifika mwaka wa pili, andika mwenyewe programu fupi inayoiga ile foleni ya daktari, uone kama dakika 40 zitatokea. Zitatokea, mradi uiache iende muda mrefu, na utakuwa umeelewa zaidi ya sura tatu za kitabu. Pa pili ni uwanja mmoja wa kazi: hospitali, maghala, nguo, chakula, usafiri wa anga, wowote unaokuvutia. Tumia likizo na mafunzo kwa vitendo kuujua kwa ndani, lugha yake na kero zake. Mwenye vitu hivyo viwili hashindwi na mtu wa takwimu, kwa sababu yeye anajua data ile ilitoka kwenye mashine gani na nani aliiandika akiwa na haraka ya kumaliza zamu.

Kuhusu ajira, usitafute tangazo lenye jina la shahada yako, hutaliona mara nyingi. Tafuta mpangaji wa uzalishaji, mhandisi wa mchakato, mhandisi wa ubora, mchambuzi wa mnyororo wa ugavi, mchambuzi wa shughuli. Kazi ya kwanza mara nyingi haina fahari: utasimama sakafuni na ubao ukipima muda, au utakaa wiki nzima ukisafisha jedwali ambalo jina la mteja mmoja limeandikwa kwa namna sita. Wengine watakuambia akili bandia itazichukua kazi hizi. Itachukua sehemu ya kukokotoa, ambayo kwa kweli kompyuta ilishaichukua zamani. Haijaenda kumuuliza fundi wa zamu ya usiku kwa nini mashine ya nne huzimwa saa nane.

Kati ya mitambo na viwanda, basi, uchague vipi? Ukiona injini na ukatamani kujua ndani kuna nini, joto linakwenda wapi na kwa nini chuma hakikatiki, nenda mitambo bila kusitasita, maana huku viwanda utachoka. Ukiona injini hiyohiyo ukajiuliza kwa nini imekaa gereji siku tisa wakati kuitengeneza kulihitaji saa nne, nafasi yako iko viwanda. Na kama hujui, jipime. Omba ruhusa mahali penye huduma, ukae saa moja na daftari. Kwa kila mtu andika saa aliyofika, saa aliyoanza kuhudumiwa na saa aliyomaliza. Nyumbani ziingize kwenye lahajedwali, tafuta wastani, kisha chora idadi ya waliohudumiwa kwa dakika moja, mbili, tatu, na kuendelea. Ikiwa umechoka kabla ya kumaliza mchoro, umejijibu. Ikiwa umejikuta unarudi siku ya pili kuona kama asubuhi na jioni zinatofautiana, umejijibu pia.

Kabla ya kuthibitisha nafasi, iulize idara mambo machache. Takwimu na uwezekano vinafundishwa mihula mingapi? Uigaji unafanywa kwenye kompyuta au ubaoni tu? Mafunzo kwa vitendo huchukua muda gani, na nani anatafuta nafasi, wao au wewe? Programu inatambuliwa na bodi ya wahandisi ya nchi utakakofanya kazi? Hili la mwisho lina uzito, maana baadhi ya vyuo hufundisha fani hii chini ya kitivo cha biashara, na mhitimu wake huenda asiandikishwe kama mhandisi.

Kuhama kunawezekana, lakini mlango hupungua upana kila mwaka. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza masomo mengi ni ya pamoja, hivyo unapoteza kidogo au hupotezi kabisa. Baada ya mwaka wa pili, ukihama viwanda kwenda mitambo itakubidi urudi nyuma kusoma masomo ya joto, vimiminika na nguvu za vifaa. Kinyume chake kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: anayemaliza mitambo anaweza kuingia shahada ya uzamili ya uhandisi wa viwanda akiwa na pengo dogo tu la takwimu la kuziba, ilhali wa viwanda anayetaka uzamili wa mitambo huwa na deni kubwa zaidi la masomo. Kwa hiyo kama umepasuka katikati sawasawa, hamsini kwa hamsini, anza na mitambo, chukua takwimu kila utakapopewa nafasi ya kuchagua somo, na uiulize ofisi ya usajili mapema ni masomo gani yanahamishika na mwisho wa kuomba kuhama ni lini.